Wanawake wa Dirishani

Siku ya Jumapili mji mdogo wa Mpemba huamka kwa kujivuta. Ukungu unateremka kutoka vilima vya Ileje, unaikalia barabara kuu na kugoma kuondoka, na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia inapotelea humo ndani, lori moja baada ya jingine, mpaka unaona taa tu na miguu ya dereva aliyelala ameitoa nje. Saa hiyo, kabla kengele haijalia, bibi mmoja mwembamba mwenye khanga mbili alikuwa akitoka nyumba ya mchungaji. Anavuka uwanja wa kanisa taratibu, anaupita mlango mkubwa ulio wazi bila hata kuutupia jicho, anazunguka ukuta wa upande wa mashariki, na kusimama kwenye dirisha la tatu. Hapo ndipo pake. Aliitwa Roda Kibona, na mchungaji wa kanisa lile alikuwa binti yake wa kumzaa.

Najua unachotaka kuniuliza. Imekuwaje mama mzazi wa mchungaji asali nje kama mpita njia? Tulia. Nitafika huko kwa mwendo wangu.

Kanisa lao silitaji jina, sitaki ugomvi na mtu. Waumini wake wa Mpemba walikuwa wameteremka kutoka Ileje na wengine Mbozi, wakafuata biashara za mpakani, na waliposhuka walishuka na mbegu zao za kahawa, na nyimbo zao, na desturi zao. Moja ya desturi hizo ilikuwa hii ya dirishani. Mwanamke aliyepata mimba bila ndoa, au anayeishi na mwanamume bila cheti, alitolewa nje ya ibada. Hakufukuzwa, la hasha. Wazee walikuwa waungwana, hawakumfukuza mtu. Walimwambia tu asimame dirishani mpaka atakaporudi, na kurudi kulikuwa na njia moja: kusimama mbele ya usharika mzima, kutaja kosa, kumtaja aliyekosa naye, kisha kupiga magoti na kusamehewa. Wanaume nao sheria iliwahusu, tena sawasawa. Lakini tumbo la mwanamume halivimbi, kwa hiyo dirishani ulikuta wanawake watupu.

Waliitwa hivyo hivyo, watu wa dirishani. Kila mmoja alikuwa na dirisha lake, kama wenzao wa ndani walivyokuwa na mabenchi yao. Mvua ikinyesha walijibana ukutani chini ya mabati. Mkate na kikombe vya Meza ya Bwana hawakuvigusa. Na aliyekufa akiwa bado wa dirishani hakupigiwa kengele, mchungaji hakwenda kaburini kwake, wala hakuimbiwa hata ubeti mmoja. Ndugu zake walichimba, wakafukia, wakaondoka.

Roda alitolewa huko Itumba, Ileje, akiwa bado msichana. Wazee wa wakati ule walimwita mbele, tumbo likiwa limeshamtangulia, wakamwambia amtaje mwanamume. Inasemekana alisimama kimya mpaka watoto wakaanza kucheka. Kisha akasema maneno ambayo watu wa Itumba waliyabeba kwa miaka mingi, wengine kwa kumsuta na wengine, chinichini, kwa kumpenda.

"Nimekosa mengi na hayo nitatubu," alisema. "Lakini mtoto huyu si kosa. Siwezi kupiga magoti nikasema ninamjutia."

Akatoka kwa miguu yake, akaenda kusimama nje. Na kama ulidhani atahamia kanisa jingine, au ataacha kusali kabisa, basi humjui Roda. Alisali pale pale, kila Jumapili, kwa ubishi uliochanganyika na imani mpaka mwenyewe asingeweza kukuonyesha wapi kimoja kinaishia.

Mtoto alizaliwa, akaitwa Gwantwa, yaani wa Bwana. Jina hilo Roda alilichagua makusudi, mtu asije akadai baadaye kuwa hakuambiwa. Watoto waliruhusiwa kuingia ndani, hivyo kila Jumapili mama alimfikisha Gwantwa mlangoni, akamtengeneza kola, akamwachia. Ndani kulikuwa na giza tamu lenye harufu ya vumbi na majani ya mkaratusi waliyopambia madhabahu. Wimbo ukianza, sauti ya pili ilikuwa ikipenya kutoka ukutani, nzito, ya kutulia, ikiyabeba maneno ya wenzake bila haraka. Gwantwa aliamini kuta za kanisa zinaimba. Alikuwa akibandika shavu kwenye tofali, macho amefumba, na kusikia mtetemo wake mifupani. Siku alipogundua kwamba ule ukuta ni mama yake alilia, na hakuna aliyejua analilia nini, yeye mwenyewe akiwemo.

Alikuwa na ndoto iliyokuwa ikimjia mara kwa mara, hata alipokua. Ndani ya ndoto mama yake ameketi benchi la mbele, amempa mgongo, na kitambaa chake cheupe kichwani. Gwantwa anamwendea katikati ya mabenchi, anatembea, anatembea, na mabenchi hayaishi. Hakuwahi kuiona sura.

Labda ndiyo iliyompeleka chuo cha uchungaji, nani ajuaye. Alipobarikiwa na kupangiwa Mpemba, mchungaji mwanamke wa kwanza kwenye usharika ule, maneno yalikuwa mengi. Wapo waliosema kanisa limekwisha. Wapo waliosema watamsikiliza lakini watakaa karibu na mlango. Gwantwa aliwaacha waseme, akafanya kazi. Ukumbi wa kanisa uliokuwa ukihifadhi viti vibovu akaufungua ulaze wanawake wafanyabiashara waliokwama mpakani na mizigo yao. Wasichana waliokatiza shule kwa mimba akawatafutia cherehani na mwalimu. Alhamisi akawa anashuka barabarani kusali na madereva, nao wakamzoea, wakawa wanamsalimu kwa Kibemba wakiwa bado kwenye usukani, "Mulishani, ba pasta," naye anajibu kwa Kindali, lugha ya kwao Ileje, ili wacheke. Mumewe alikuwa akifundisha shule huko Saza na kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Alikuwa akimwambia kwamba siku hizi akilitaja jina la mkewe kwenye gari, hakosi mtu wa kumlipia nauli.

Lakini madirisha yalibaki. Kila Jumapili aliposimama mimbarini aliyaona: vichwa vya wanawake nyuma ya nondo, mwanga wa asubuhi ukiwa mabegani mwao, wote weusi na wasio na nyuso kwa sababu jua liko nyuma yao. Wakati mwingine, katikati ya mahubiri, alikuwa akipotewa na neno kwa kuwatazama.

Kisha Roda akaanza kuugua. Alikuwa akihema akipanda kilima kidogo tu, miguu ikamvimba, na daktari akasema moyo umekuwa mkubwa. Roda akashangaa tangu lini moyo mkubwa ukawa ugonjwa. Gwantwa alimleta Mpemba kwa basi dogo, amemwegemeza bega safari nzima, na ile Jumapili ya kwanza alimwandalia kiti ndani, pembeni, mahali pa wageni, akiomba kimoyomoyo kwamba ugenini mama atalegeza. Thubutu. Roda aliuliza watu wa dirishani wa huku husimama upande gani.

Wiki hiyo Mzee Fanueli alikuja kumjulia hali mgonjwa. Huyu alikuwa mwenyekiti wa baraza la wazee, na ninakuomba usimchukie mapema. Matofali ya kanisa lile aliyafyatua yeye na mkewe marehemu kwa mikono yao. Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na hata siku hiyo alikuja na maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akakaa na Roda wakizungumza Kindali kuhusu watu wa Itumba waliokwisha kufa. Alipoaga, Gwantwa alimsindikiza mpaka barabarani. Hapo ndipo mzee alipovua kofia na kusema, kwa upole kabisa, kwamba Mchungaji anaujua utaratibu. Mama akiondoka bado yuko nje, hakuna kengele. Na wewe binti yake, joho lako utaliacha nyumbani.

Gwantwa alimwona mzee akiyeyuka kwenye vumbi la malori, kibuyu kitupu mkononi. Alikuwa amezika watu wengi, wengine hakuwahi hata kuwaona wakiwa hai. Aliwazika madereva wasio na ndugu, kwa wimbo na maua. Mama yake hataruhusiwa kumzika. Jambo hilo lilimkaa kooni, asiweze kulimeza wala kulitema.

Akapiga moyo konde, akaingia kazini. Miezi ikapita kwenye vikao. Alipeleka hoja barazani kwamba mwanamke arudi bila kumtaja mtu wala kusimulia lolote. Apige magoti tu, awekewe mikono, aingie. Wazee walivutana. Mzee Fanueli alisema ukishaondoa aibu utabaki na nini cha kumzuia binti wa mtu. Wengine walisinzia. Shadrack, mzee kijana kuliko wote, mwalimu wa kwaya, alisema kwa sauti ndogo kwamba waimbaji wake bora wote wako nje. Wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichoulainisha ubishi. Kahawa ilipokuwa ikimalizia kuchanua, wakati harufu ya yale maua meupe inasafiri na upepo kutoka mashamba ya Mbozi mpaka watu wanatembea kama walevi, baraza likapiga kura. Hoja ikapita kwa kuzidi mkono mmoja.

Gwantwa alikwenda nyumbani karibu anakimbia. Alimkuta mama yake uani, anachambua maharage, akamweleza yote, maneno yakigongana mdomoni. Roda alisikiliza. Akapuliza maganda kwenye ungo, akasema ni vizuri, wenzake watafurahi.

Na kweli walifurahi. Jumapili ya kurudi, wa kwanza kuingia alikuwa Priska, mama ntilie wa pale kwenye foleni ya malori, nguo zake zikinukia moshi na vitunguu hata baada ya kufuliwa, mwanawe mgongoni. Nyuma yake wakafuata wengine, mmoja mmoja, wakipepesa macho kwa giza la ndani walilolisahau. Wakapiga magoti mbele, wakiutazama usharika. Wazee wakapanga mstari nyuma ya mchungaji. Watu walilia, hata wale waliopinga walilia, kwa sababu kuna mambo ambayo ukiyaona yanakupita uwezo. Gwantwa aliweka mikono juu ya vichwa vile vyenye joto, kimoja baada ya kingine, akawa anaelea. Hakuisikia miguu yake. Alikuwa na hakika kichwa kinachofuata ni cha mama yake. Kila alipoinua mkono alikuwa na hakika.

Vichwa vikaisha. Akageuka akatazama dirisha la tatu. Roda alikuwa pale pale, mikono kwenye nondo, macho amefumba, anaimba sauti ya pili.

Mchana ule Gwantwa alikasirika kama hajawahi kukasirika. Aliweka chakula mezani kwa kishindo. Alimwambia mama yake kwamba amevuja jasho, ametukanwa, amekosa usingizi kwa ajili yake, na sasa hakuna wa kutajwa wala cha kusimulia, ni magoti tu, magoti ya dakika moja. Kisha likamtoka lile lililomkaa kooni: kwamba ataufukia mwili wa mama yake kimya, kama anaficha kitu.

Roda alimwacha amalize. Hakuwa mtu wa kukatiza.

"Nikipiga magoti, niombe nini?" aliuliza.

"Uombe kurudi, Mama."

"Mimi sikuondoka, mwanangu. Nilitolewa. Hao walionitoa, ndio waje."

Akavuta sahani yake, akala. Gwantwa alibaki ameshika tama, chakula kikipoa.

Alitoka akaenda kutembea tu, hajui aendako, na miguu ikampeleka kwa Priska. Kibanda kilikuwa na watu wachache, Jumapili. Priska alimpa chai, akamketisha karibu na moto, akamshukuru tena kwa mambo ya asubuhi. Walikaa. Moshi ulikuwa ukipanda na kuchanganyika na ukungu uliorudi mapema, malori yakasogea kidogo na kusimama, yakasogea na kusimama, na kwa muda Gwantwa akaona ni dunia nzima inayoteleza polepole na kibanda kile ndicho pekee kilichotulia. Akamuuliza Priska alijisikiaje pale mbele.

Priska alichochea kuni kwanza. Alisema alirudi ili mtoto abatizwe, na hajutii. Ila pale chini, macho hayana pa kwenda. Nyuma ya mchungaji walikuwa wamejipanga wazee, na yeye akatazama viatu vyao. "Nimevikariri," alisema, bila uchungu wowote. "Hata leo njiani nikikutana na kiatu, nitakwambia ni cha nani."

Gwantwa akaiweka chai chini. Utaratibu ule aliutunga yeye. Kila hatua alikuwa ameipanga yeye: nani apige magoti, nani asimame, nani aombe, nani asamehe. Alikuwa ameondoa jina la mwanamume, akaondoa masimulizi, na kwa miezi yote ile hakufikiria hata mara moja kubadilisha nani yuko chini na nani yuko juu. Yeye, mtoto wa Roda. Alijisikia aibu mpaka masikio yakamwaka.

Siku zilizofuata Roda alidhoofika. Birika la chai likawa zito kwake. Alikuwa akiketi uani akiota jua, akizungumza wakati mwingine na watu wa zamani, kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba wameketi naye, na akishtuka anacheka mwenyewe. Mzee Fanueli alikuja tena na kibuyu chake. Alimsihi Gwantwa amshawishi mama apige magoti hata nyumbani, hata kitandani, yeye atakuwa shahidi. Machozi yalimlengalenga, na Gwantwa aliona kwamba anasema kutoka moyoni. Alimshukuru. Alimwambia atafanya kitu Jumapili ya Meza.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penyewe. Kanisa lile lilikuwa na desturi nyingine, ya zamani kuliko hii ya dirishani, na hakuna aliyewahi kuipigia kura. Mtu akishindwa kufika Mezani, Meza humfuata. Mchungaji hubeba mkate, mzee mmoja hubeba kikombe, na waumini wanaoweza huandamana nao wakiimba mpaka alipo mgonjwa. Wamefanya hivyo vilimani kwenye matope ya magoti, wamefanya hivyo hapa Mpemba mpaka chini ya matela ya malori. Baraza haliombwi ruhusa.

Jumapili hiyo ukungu ulikuwa mzito mpaka ukaingia ndani kupitia madirishani, ukatanda juu ya mabenchi, na watu wakawa wanasali kama wako ndani ya maziwa. Priska alikuwa amemsaidia Roda kufika dirishani pake, kisha akaingia. Gwantwa aliumega mkate madhabahuni, akasema maneno yake yote bila kuruka neno. Ulipofika wakati wa kuwaita watu wasogee, hakuwaita. Aliinua sahani, akasema kwamba leo Meza inatoka, kama inavyotoka siku zote kwenda kwa wagonjwa.

Mzee Fanueli alisimama kwenye benchi la mbele. Hakuwa na hasira, alikuwa amechanganyikiwa.

"Mgonjwa ni nani, Mchungaji?"

"Ni sisi, Mzee."

Kikombe kilikuwa mezani, na utaratibu unataka kibebwe na mzee wa kanisa. Gwantwa alisubiri. Wazee walitazama mikono yao, dari, vitabu vya nyimbo. Alihesabu pumzi zake, akaanza kufikiri kwamba amekwisha, kwamba wiki ijayo ataitwa makao makuu na kuambiwa afungashe. Ndipo Shadrack alipoinuka. Divai ilimmwagikia kidole, lakini alikibeba kikombe, akamfuata mchungaji katikati ya mabenchi.

Wakatoka mlangoni. Priska alikuwa wa tatu. Kwaya ikaanza wimbo bila kupigiwa mwanzo, ikainuka, ikatoka. Kisha ikasikika sauti ya mabenchi, mengi, yakikwaruza sakafu, na watu wakamiminika nje kwenye ukungu na majani mabichi, wazee wengine wameshika kofia, kina mama wameinua sketi, watoto wakishangaa kuona ibada imeota miguu. Walilizunguka kanisa upande wa mashariki. Roda aliwasikia kabla hajawaona. Aligeuka, mkono mmoja bado uko kwenye nondo, na umati ukasimama mbele yake ukiwa nusu watu na nusu ukungu.

Gwantwa akapiga magoti. Alipiga magoti na joho lake jeupe kwenye ule mfereji wa matope ambao matone ya bati yameuchimba miaka yote, sahani ya mkate ameishika kifuani. Shadrack akapiga magoti na kikombe. Nyuma yao mzee mmoja, kisha mwingine, wakajikunja kwa tabu, magoti yakilia.

"Mama," Gwantwa alisema. "Tulikutoa nje ukiwa msichana una mimba. Kosa lilikuwa letu. Tumekuja kukuomba radhi."

Roda alimtazama binti yake, akawatazama wazee waliopiga magoti matopeni, mmoja mmoja, kwa zamu, bila haraka yoyote, ungedhani anawatafutia majina. Kule barabarani lori likapiga honi, likanyamaza.

"Mmekawia," alisema.

"Tumekawia, Mama."

"Haya."

Akafungua kiganja, na Gwantwa akaweka kipande cha mkate. Alikuwa akilia sasa waziwazi, kamasi na vyote, hajali. Aliwaza kengele. Aliwaza kwamba siku yoyote itakayokuja, kesho au mwaka mwingine, atavaa joho lake na kwenda mbele ya jeneza, na hakuna wa kumzuia. Alisubiri mama yake ale.

Lakini Roda hakula. Aligeuza shingo taratibu akatazama dirishani. Ndani, kwenye kanisa tupu, alikuwa amebaki mtu mmoja. Mzee Fanueli alikuwa amesogea mpaka ukutani, amesimama upande wa pili wa nondo zile zile, ameshika hapo hapo ambapo vidole vya Roda vimeshika siku zote, anawatazama. Alikuwa amevua kofia. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayesikiliza wimbo anaoujua na haruhusiwi kuuimba.

Roda alimtazama kitambo. Kisha akaumega ule mkate wake vipande viwili, akapitisha mkono kati ya nondo.

"Shika, kaka," alisema. "Tule pamoja."

Mzee Fanueli akapokea kwa mikono miwili.